UZI: Gift Ngoepe, Mwafrika aliyepanda hadi ligi kuu ya besiboli kwa glavu yake

Mleta uzi

Wakuu, katika uzi uliopita kuhusu vijana wa Uganda waliosajiliwa na klabu za besiboli za Marekani, wachangiaji kadhaa waliuliza kama yupo Mwafrika ambaye amekwisha kufika ligi kuu yenyewe, ile inayoitwa kwa kifupi MLB. Yupo, na niliahidi kumwandikia uzi wake, kwa sababu habari zake husimuliwa kwa haraka mno: mama mfanyakazi wa klabu, mtoto wa maisha ya chini, usiku mmoja wa shangwe, basi. Mimi naona yenye uzito yamo katikati, katika ile miaka minane na nusu iliyopita kati ya saini ya kwanza na mchezo wa kwanza, na yamo pia katika nafasi aliyocheza uwanjani.

Gift Ngoepe alizaliwa Januari 18, 1990 katika mji ambao leo unaitwa Polokwane, jimbo la Limpopo, Afrika Kusini. Mama yake, Maureen, alipata kazi ya kutunza jengo la klabu ya Randburg Mets, kaskazini mwa Johannesburg, na familia ikapata chumba cha kuishi humo humo ndani ya jengo. Mtoto akakulia mahali ambapo ukitoka mlangoni tu, uwanja wa besiboli uko mbele yako. Naomba jambo hili mlishike, kwa kuwa nitalirudia: katika nchi ambayo besiboli ni mchezo wa wachache na kriketi ndiyo yenye viwanja na wafadhili, yeye alikuwa na uwanja kila siku ya maisha yake bila kulipa nauli.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, timu inayodaka huwa na wachezaji tisa. Yupo mrushaji anayesimama katikati, yupo mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, wapo watatu walio mbali nyuma, na wapo wanne wanaolinda eneo la ndani kuzunguka besi tatu, yaani vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Ngoepe ni wa hao wanne, na katika hao wanne nafasi yake ya asili ni ile ngumu kuliko zote, kati ya besi ya pili na ya tatu, ambayo kwa kawaida huitwa shotistopu. Mpira ukipigwa chini humfikia kwa muda wa pumzi moja, tena ukidundadunda; papo hapo anatakiwa audake, auhamishe kutoka kwenye glavu hadi mkono wa kurushia, na aurushe hadi besi ya kwanza kabla mpigaji hajamaliza mita 27 za kukimbia, mbio ambazo mchezaji wa kiwango hicho huzimaliza kwa sekunde nne na kidogo. Aliyechelewa kwa nusu hatua amechelewa kabisa.

Kijana huyu alipelekwa Tirrenia, nchini Italia, katika chuo ambacho MLB ilikuwa ikikiendesha kwa vijana wa Ulaya na Afrika. Huko alifundishwa na Barry Larkin, aliyecheza nafasi hiyo hiyo misimu 19 katika klabu ya Cincinnati Reds na ambaye mwaka 2012 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown, linaloenzi wakongwe wa besiboli. Mwaka 2008, akiwa na miaka 18, Ngoepe alisaini mkataba na Pittsburgh Pirates, akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini na klabu ya ligi kuu. Machi 2009 aliichezea nchi yake katika mashindano ya dunia ya World Baseball Classic mjini Mexico City. Afrika Kusini ilifungwa vibaya na wenyeji, lakini yeye alipiga mipira miwili iliyomfikisha besi ya tatu, jambo ambalo ni adimu hata kwa wakongwe.

Sasa ndipo ilipoanza ngazi. Klabu ya Marekani haimpeleki kijana moja kwa moja kwenye timu kubwa. Humpitisha katika timu zake za ligi ndogo, daraja baada ya daraja. Ngoepe alianzia Bradenton, Florida, mwaka 2009 katika daraja la wanagenzi. Mwaka uliofuata alikuwa State College, Pennsylvania. Mwaka 2011 alikuwa West Virginia, 2012 akarudishwa Bradenton katika timu ya daraja la juu zaidi, na 2013 akafika Altoona, daraja la AA, ambalo watu wa mchezo huo hulitazama kama chujio la kweli. Chujio lilimkamata. Wastani wake wa kupiga akiwa Altoona mwaka huo ulikuwa chini ya .200, maana yake ni kwamba katika kila zamu kumi za kupiga alifanikiwa chini ya mara mbili. Ndio mwaka huo huo aliofiwa na mama yake. Alirudi Altoona mwaka 2014, akapanda hadi Indianapolis, daraja la AAA, ambalo ni la mwisho kabla ya ligi kuu, na mwaka 2016 wote alikuwa huko akipiga kwa wastani wa .217. Klabu nyingi zingemwacha mtu mwenye takwimu hizo. Pirates hawakumwacha, kwa sababu kila kocha aliyemsimamia aliona kwamba kwa glavu alikuwa tayari amefika ligi kuu zamani.

Aprili 26, 2017 aliitwa. Usiku huo, katika uwanja wa PNC Park mjini Pittsburgh, dhidi ya Chicago Cubs waliokuwa mabingwa watetezi, kocha Clint Hurdle alimwingiza katika ngwe ya nne, kati ya ngwe tisa za mchezo, kwenye besi ya pili. Zamu yake ya kwanza ya kupiga ilimkutanisha na Jon Lester, mmoja wa warushaji mashuhuri wa kizazi chake, na Ngoepe aliupitisha mpira katikati ya uwanja, akafika besi ya kwanza salama. Alikuwa na miaka 27. Hakuna mchezaji mwingine aliyezaliwa na kukulia barani Afrika aliyekuwa amewahi kucheza ligi hiyo kabla yake.

Hoja yangu ni hii, na ninaileta mezani ipingwe: mchezaji wa eneo la ndani haokotwi, hulelewa. Ngoepe hakufika kwa sababu mtu alimwona siku moja akapigwa na butwaa. Alifika kwa sababu alidaka mipira ya chini maelfu kwa maelfu tangu utotoni, na kilichomchelewesha ni kile ambacho Randburg haikuweza kumpa.

Mchangiaji wa 1

Ndugu mleta uzi, andiko lako limetulia, na nimefurahi umeweka yale maneno "aliyezaliwa na kukulia". Wengi huandika "mzaliwa wa kwanza wa Afrika" na kusahau kisa cha Alfredo Cabrera, aliyezaliwa katika Visiwa vya Canary na kuichezea St. Louis Cardinals mchezo mmoja tu mwaka 1913. Visiwa vile ni mali ya Hispania, lakini ukifungua ramani utaviona viko ng'ambo ya pwani ya Morocco, karibu zaidi na Afrika kuliko na Madrid. Kinachofurahisha ni kwamba naye alicheza shotistopu. Sisemi kwamba jambo hili linampunguzia Ngoepe lolote. Cabrera aliingia kama Mhispania kwa njia ya Cuba, na hakuna aliyemhesabu kuwa Mwafrika wakati ule wala sasa. Nimeliweka tu ili mtu asije akalileta baadaye kama bomu la kuuvuruga uzi.

Mchangiaji wa 2

Shukrani kwa maelezo. Sisi tuliosoma Kenya tulicheza raundazi shuleni, kwa hiyo habari ya kukimbia kutoka kituo hadi kituo si ngeni kwangu, ingawa mpira wetu ulikuwa mwepesi na hakuna aliyekuwa na glavu. Nina maswali mawili. La kwanza: kama alikuwa hodari hivyo wa kudaka, kwa nini kupiga kukamshinda? Huwezi kumfundisha mtu mzima mwenye mwili wa mwanamichezo kupiga mpira kwa miaka minane na asijue. La pili: aliishi vipi miaka yote hiyo? Nasikia wachezaji wa ligi kuu ni mamilionea, lakini hukutaja mshahara wa hao wa chini.

Mleta uzi

Dada, nianze na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi na linauma. Alipoanza mwaka 2009, mchezaji wa msimu wa kwanza katika ligi ndogo alikuwa akilipwa takriban dola 1,100 kwa mwezi, tena kwa miezi ya msimu tu. Mazoezi ya kabla ya msimu hayakulipiwa mshahara, na majira ya baridi kila mtu alijitafutia kibarua chake. Ligi kuu, kwa upande mwingine, mwaka 2017 ilikuwa na kima cha chini cha dola 535,000 kwa msimu. Kwa kuwa mchezaji hulipwa kwa siku anazokuwa kwenye timu, siku moja ya Ngoepe akiwa Pittsburgh ilimwingizia zaidi ya mshahara wa miezi miwili ya mwanzo wake. Hali ya walio chini imebadilika baadaye: wachezaji wa ligi ndogo waliingia katika chama cha wafanyakazi, na mkataba wa mwaka 2023 ulipandisha kima cha daraja la wanagenzi hadi dola 19,800 kwa mwaka na cha AAA hadi dola 35,800. Ngoepe hakuikuta neema hiyo katika miaka yake ya kupanda.

Kuhusu kupiga, nadhani hapa ndipo ulipo moyo wa uzi huu. Mpira wa mrushaji wa kiwango cha juu huenda kilomita 150 kwa saa na zaidi, nao huchukua takriban sehemu nne za kumi za sekunde kumfikia mpigaji. Katika muda huo mpigaji hana nafasi ya kufikiri. Macho yake yanapaswa yawe yamekwisha kuona mipira ya namna hiyo mara nyingi sana, ya moja kwa moja, ya kukata pembeni, ya kushuka ghafla, hadi mwili uamue wenyewe. Kijana wa Jamhuri ya Dominika, ambako klabu zote 30 za ligi kuu zina vyuo vyao, hukabiliana na warushaji wakali tangu akiwa na miaka kumi na mitatu au minne na husaini akiwa na kumi na sita. Kijana wa Florida hucheza karibu mwaka mzima. Ngoepe alikuwa akicheza katika ligi ya ridhaa, dhidi ya watu wenye ajira zao nyingine, na warushaji wa kasi ile nchini kwao walikuwa wachache mno.

Tofauti ya kudaka na kupiga ni kwamba kudaka unaweza kujifunza na mtu yeyote mwenye gongo na ndoo ya mipira. Anakupigia mipira ya chini asubuhi na jioni, nawe unaikusanya. Kupiga kunahitaji mrushaji hodari upande wa pili, na mrushaji hodari huwezi kumtengeneza kwa kuishi karibu na uwanja. Kwa hiyo Ngoepe alifika Bradenton mkono mmoja ukiwa wa mtu mzima na mwingine ukiwa wa mtoto. Kwa miaka kadhaa alikuwa akipiga kutoka pande zote mbili, kulia na kushoto, maana yake alikuwa akijifunza ufundi wa kupiga mara mbili kwa wakati mmoja. Baadaye akaacha kushoto na kubaki na kulia pekee. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulipaswa kuja mapema zaidi.

Mchangiaji wa 3

Mkuu, naomba niwe mkorofi kidogo. Umeandika vizuri, lakini umekwepa yaliyofuata. Mimi nilifuatilia takwimu zake. Mwaka 2017 alicheza michezo 28 akiwa na Pirates na wastani wa .222. Novemba wakampeleka Toronto Blue Jays. Mwaka 2018 huko Toronto akacheza michezo 13, akapata pigo moja katika zamu 18. Ukijumlisha ni michezo 41, mapigo 13 katika zamu 72, wastani wa .181. Kwa mchezo wowote mwingine tungesema huyu alijaribiwa akashindwa. Tunamwandikia nyuzi kwa sababu ni wa kwanza, siyo kwa sababu ni bora. Tukiwaambia vijana wetu kwamba hii ndiyo kilele, tunawapunguzia kimo.

Mchangiaji wa 1

Takwimu zako ni sahihi, ndugu, lakini mizani umeikosea. Kila mwaka klabu za Marekani husajili vijana kwa mamia, wengi wao waliolelewa katika mchezo huo tangu chekechea, na sehemu kubwa yao huishia njiani bila kugusa ligi kuu hata kwa ngwe moja. Aliyecheza 41 amewapita wote hao. Isitoshe, wastani wa kupiga unapima nusu moja tu ya kazi ya mchezaji wa ndani, na ni ile nusu ambayo hata mleta uzi amekiri ilikuwa dhaifu. Je, makosa yake ya kudaka uliyahesabu? Mipira aliyoizuia isipite umeiweka kwenye safu gani?

Mchangiaji wa 3

Hapo umenibana kidogo, sikuyaangalia. Lakini bado nasema: klabu haimlipi mtu adake tu. Mchezo wa leo unataka shotistopu anayepiga mpira nje ya uwanja. Zamani kulikuwa na nafasi kwa mdakaji asiyepiga. Sasa hivi nafasi hiyo ni ya akiba, mtu wa kuingia ngwe za mwisho kulinda ushindi.

Mleta uzi

Nakubaliana na sehemu ya pili kabisa, na haipingani na hoja yangu bali inaitia nguvu. Ngoepe alifika kwa nusu ya kazi, ile ambayo mazingira yake yaliweza kumfundisha, na akaondoka kwa sababu ya nusu nyingine. Sijadai kwamba alikuwa nyota. Ninachokataa ni neno "akashindwa", kwa kuwa linaweka lawama kwa mtu wakati takwimu zenyewe zinaonyesha ni wapi maandalizi yake yalipokatika.

Mchangiaji wa 4

Habari za jioni. Naandika nikiwa Kampala, na huku mchezo huu tunaujua zaidi kidogo kuliko majirani. Mwaka 2011 timu ya watoto wetu ilishinda mashindano ya kanda ili kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, lakini ikanyimwa viza kwa matatizo ya nyaraka za umri. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilikwenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika, na ikaifunga timu ya Oregon 3–2 katika mchezo wa faraja. Mwaka 2015 watoto wa Mpigi waliifunga Jamhuri ya Dominika 4–1. Hao walikuwa na wachezaji wa ndani wazuri tu, tena wepesi. Kwa hiyo nauliza: kwa nini waliosajiliwa kutoka hapa ninaowafahamu, yaani Umar Male na Ben Serunkuma waliokwenda Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma aliyekwenda Pittsburgh Pirates mwaka 2023, wote ni warushaji? Je, Waganda hatujui kudaka?

Mleta uzi

Swali hili ndilo nililokuwa nikilisubiri. Mrushaji hupimwa kwa mashine. Skauti, yaani mtafuta vipaji wa klabu, anasimama nyuma ya wavu na kifaa cha kupimia kasi, kijana anarusha mipira ishirini, na kama namba inasoma vizuri, safari imekamilika. Mengine klabu itamfundisha yenyewe. Hakuna anayehitaji kujua kama kijana huyo amecheza michezo kumi au mia tatu. Kasi ya mkono kwa sehemu kubwa mtu huzaliwa nayo, na mabega ya kuirushia yapo Kampala kama yalivyo Santo Domingo.

Mchezaji wa ndani hana mashine ya namna hiyo. Skauti anaweza kupima mbio zake na nguvu za mkono, lakini hawezi kupima anavyousoma mpira kabla haujadunda, wala anavyojua bila kugeuka ni nani anakimbia kuelekea besi ipi. Hayo huonekana baada ya kumtazama michezo mingi mfululizo, na juu yake swali la kupiga linabaki, ambalo hujibiwa tu mbele ya warushaji wa kasi. Klabu inayomsajili mdakaji kutoka mahali pasipo na ligi ya kila wiki inanunua kitu isichoweza kukikagua. Ndiyo maana watoto wale wa Lugazi na Mpigi, ambao kwa umri wa miaka kumi na miwili walikuwa sawa na wenzao wa dunia, waliachwa nyuma baadaye: baada ya Williamsport wenzao walirudi kwenye michezo mingi kwa mwaka, na wao walirudi kwenye michache.

Ukiniuliza ningefanya nini kama ningekuwa na madaraka, ningewachukua hawa warushaji wachanga wa Uganda, ambao sasa wapo wengi kuliko wakati wowote, na kuwaweka katika ligi moja na wapigaji wa umri wao wiki baada ya wiki. Mrushaji wa kasi aliyebaki nyumbani ndiye mwalimu wa mpigaji. Randburg haikuwa na hao. Kampala inaanza kuwa nao, na hapo ndipo ninapoiona nafuu ambayo Ngoepe hakuwa nayo.

Mchangiaji wa 2

Nimeelewa sasa, ahsante. Je, nyumbani kwao kuna aliyefuata njia yake?

Mleta uzi

Yupo mdogo wake, Victor, aliyekulia katika mazingira yale yale, mchezaji wa ndani vilevile, naye alisaini na Pirates hao hao mwaka 2016, lakini hakufika ligi kuu. Wa pili kutoka Afrika Kusini kufika ligi kuu ni Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza na Seattle Mariners Juni 2019. Yeye ni mrushaji, na alihamia Arizona akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, kisha akachaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011 kwa utaratibu uleule wanaotumia Wamarekani. Kwa hiyo hoja zake ni tofauti kabisa na hizi, na naona anastahili uzi wake. Mwenye nafasi auanzishe, mimi nitachangia.